Simuleta ilisema nashinda, asubuhi jeshi lote halipo. Nyie mnapigaje hesabu kabla ya kushambulia?

chalii_ngarenaro (Arusha)

Wakuu habari za asubuhi, naandika hii nikiwa ndani ya kifodi nawahi kazini, baridi ya Chuga kama mnavyoijua mwezi huu na roho nayo imepoa. Nacheza Tribal Wars, lile gemu la mtandaoni la kujenga kijiji na kushambulia vya wenzako, huu mwezi wa tatu, sio mgeni sana sio mzoefu sana. Jirani yangu mmoja yuko vyumba 12 kutoka kwangu (ile ramani ina vyumba, mnanielewa), kila siku nampigia mahesabu. Jana jioni nikatuma wapelelezi wakarudi wote na picha kamili, ana wa mikuki 300, wa panga 150, ukuta levo 5, basi. Hana farasi hana nini.

Mimi nina wa shoka 600 wa kushambulia plus magogo 20 ya kubomolea ukuta. Nikaingiza namba zote kwenye simuleta ile ya kwenye gemu lenyewe, ya kujaribia vita kabla hujatuma, ikaniambia nashinda, nitapoteza chini ya nusu. Nikasema poa, nikatuma, nikalala kama mtoto.

Leo naamka nafungua ripoti. Wote 600 wamekufa, magogo yamekwenda, hakuna hata mmoja aliyerudi, na kwa sababu hakuna aliyerudi ripoti hainionyeshi hata yule jamaa amebaki na nini. Bahati iliandika hasi 8.3, morali (ile inayokupunguzia nguvu ukimpiga mdogo wako) 100. Sasa hasi 8 ndo ya kuua watu 600 kweli? Au simuleta ni uongo? Au jamaa kaongezewa jeshi na kabila lake, wale wachezaji wa timu yake? Nyie mnatabiri vipi kabla hamjatuma, maana mimi naona hii ni kamari tu kama zingine.

Nawasilisha.

mangi_wa_shoka (Moshi)

Pole sana mangi, hiyo maumivu yake naijua, mwaka jana niliipata mara mbili ndani ya wiki moja nikafuta gemu, halafu nikalirudisha.

Simuleta sio uongo. Simuleta inajibu ulichoiuliza. Na sio kamari pia, ngoja nikuonyeshe hesabu yako kwa vidole. Wa shoka mmoja ana nguvu ya kushambulia 40, kwaiyo 600 ni 24,000. Upande wa pili, wa mikuki akizuia askari wa miguu ana 15 tu, 300 wanakuwa 4,500. Wa panga ana 50, 150 wanakuwa 7,500. Jumla 12,000, ukuta levo 5 unaongeza karibu asilimia 20, unapata 14,400 hivi, tufanye magogo yako hayajafanya kitu. Sasa gawanya, 14,400 kwa 24,000 ni 0.6. Hiyo 0.6 unaipandisha kipeo cha 1.5, inakuja 0.46, ndo sehemu ya jeshi lako inayokufa ukishinda. Watu 279. Kwaiyo simuleta ilikuwa sahihi kabisa, chini ya nusu.

Bahati kwenye lile gemu inacheza kati ya hasi 25 na chanya 25. Hata ungepigwa ile mbaya kuliko zote, 24,000 inashuka inakuwa 18,000, bado unashinda, unapoteza kama 430. Yaani kwa jeshi hilo na maadui hao hakuna bahati ya kukufuta wote. Kuna kitu kingine kimeingia hapo katikati na hicho hukukiweka kwenye simuleta.

Niambie vitu viwili. Ulituma saa ngapi na walifika saa ngapi? Kwa saa ya kwenye gemu, sio ile iliyoning'inia sebuleni kwako.

fundi_kijenge (Arusha)

Kapigwa sapoti huyo. Jirani ana kabila, wameona shambulio linakuja wamemjazia watu, mchezo umeisha. Shambulio la masaa mengi lazima lionekane, mimi siku hizi hata situmi mbali.

chalii_ngarenaro

@mangi_wa_shoka nilituma saa mbili na dakika kumi usiku, nakumbuka vizuri kwasababu nilipanga kutuma saa moja na nusu ila bando likakata, nikatoka kwenda kununua vocha kwa wakala hapo kona nikamkuta anahesabu hela za mchana hataki kusumbuliwa, nikasubiri, na harufu ya chips ikanivuta nikala chips mayai kabisa hapo hapo nimesimama. Nimerudi nikatuma. Wamefika saa nane usiku na dakika kumi, masaa sita kamili kwasababu ya yale magogo, yanatembea taratibu sana.

Saa ya gemu sijawahi kuiangalia kusema kweli, iko nyuma yetu masaa mawili nadhani.

mangi_wa_shoka

Hahahaa ndo hapo hapo.

Saa nane na dakika kumi yetu, toa masaa mawili, kwenye seva ni saa sita usiku na dakika kumi, wao wanaandika 00:10. World unayocheza, yaani seva yako, bonasi ya usiku inaanza 00:00. Rudi kwenye ripoti yako, chini ya bahati na morali kuna kamstari kadogo, kasome polepole halafu uje utuambie kanasemaje.

chalii_ngarenaro

Dah.

"Bonasi ya usiku" kapo pale. Miezi mitatu nakaona nikajua ni tangazo.

mangi_wa_shoka

Sio tangazo mangi. Usiku nguvu ya anayezuia inazidishwa mara mbili, waliweka hivyo ili watu walale. 14,400 yako ikawa 28,800. Na wewe 24,000 yako ukatoa ile hasi 8.3 ikabaki kama 22,000. Umeingia na 22 kwa 28, umepigwa, na sheria ya pale aliyeshindwa hufa wote. Hakuna sapoti wala nini, @fundi_kijenge tusimsingizie jirani wa watu.

Ungetuma ile saa moja na nusu uliyopanga wangefika 23:30 ya seva, bonasi haijaanza, ungeshinda. Ungeacha magogo nyumbani ukatuma shoka peke yao, wale wanatembea dakika 18 kwa chumba, vyumba 12 ni masaa matatu na dakika 36, wangefika mapema kabisa hata na chips zako tumboni. Gogo ni dakika 30 kwa chumba, na jeshi zima linakwenda kwa mwendo wa yule mzito kuliko wote, ni kama kusafiri Moshi Arusha nyuma ya lori la mchanga pale hakuna nafasi ya kuovateki.

Chips mayai ya bei ghali kuliko zote Arusha hiyo.

fundi_kijenge

😂😂 sawa nimekubali ila mimi bado nasema utabiri wa haya magemu ni kubahatisha. Nilicheza OGame zamani, ile ya meli za anga, pale vita vinakwenda raundi sita na kila meli inachagua wa kumpiga bila mpangilio, unaweka namba zile zile kwenye simuleta unabonyeza mara mbili unapata majibu mawili tofauti. Sasa hapo unatabiri nini?

hesabu_na_kahawa (Moshi)

@fundi_kijenge pale unabonyeza mara mia, sio mara mbili. Ndo maana simuleta za OGame zilikuwa na sehemu ya kuchagua irudie vita mara ngapi, zinakupa wastani na matokeo mabaya kuliko yote, na mtu mwenye akili alikuwa anaangalia ile mbaya kuliko yote ndo anaamua. Kubahatisha ni pale unapobonyeza mara moja ukaona kijani ukatuma.

Halafu tofauti ya haya magemu mawili ni kwamba kwenye Tribal Wars bahati ni namba moja tu kwa vita nzima, unaweza kuiandika mwenyewe kwenye simuleta. Weka hasi 25. Ukishinda na hasi 25 tuma. Usiposhinda jiulize kama unaweza kuvumilia.

Niongeze kitu kuhusu kile kipeo cha 1.5 alichotaja mangi maana watu wanakipita kama hakipo. Kuna injinia Mwingereza anaitwa Lanchester, jamaa alikuwa anatengeneza magari, 1916 wakati vita ya kwanza ya dunia inaendelea akatoa kitabu kuhusu ndege za vita, mle akaonyesha kwamba kwenye mapigano ambayo kila mtu anaweza kumpiga mwenzake kwa mbali, nguvu ya jeshi inakwenda na idadi kipeo cha pili. Jeshi lililozidi idadi mara mbili, silaha zikiwa sawa, lina nguvu mara nne sio mara mbili. Gemu hili limetumia 1.5, ni laini kidogo, ila kitu chenyewe ni kile kile, kuwaweka watu pamoja kunalipa.

Mfano huyu chalii angesema agawanye, atume 300 kwanza halafu 300 wengine, mchana, bila magogo. Wa kwanza wana 12,000 wanakutana na 14,400, wanakufa wote 300, ila wanaua kama asilimia 76 ya wale. Kundi la pili linakuta mikuki 72 na panga 36, linapoteza kama 46 tu. Jumla 346. Wakienda wote kwa pamoja walikuwa wanakufa 279. Watu 67 wamekufa bure kwasababu tu ya kugawanya, na mwenye jeshi anaona kashinda tu anafurahi.

dada_pasua (Moshi)

Nimesoma kote nimecheka hiyo ya wakala anahesabu hela. Mdogo wangu pole.

Wote mmempigia hesabu kwenda mbele, mbona hakuna aliyepiga kurudi nyuma? Amesema ripoti haimwonyeshi jirani kabaki na nini, lakini si tunajua. Yule aliyeshinda naye hupoteza kwa kipeo kile kile. Nguvu iliyoingia 22,000, iliyozuia 28,800, ukigawa ni 0.76 na kitu, kipeo cha 1.5 inakuwa karibu 0.67. Jirani yako amepoteza theluthi mbili ya watu wake usiku huu. Kabaki na mikuki mia hivi na panga hamsini, pengine pungufu maana yale magogo hatujayahesabu na huwa yanalegeza ukuta. Na yeye sasa hivi anakunywa chai anajiona kidume.

Una nini nyumbani kilichobaki? Usinitajie kile unachotengeneza, nitajie kilichopo.

Na lingine, ukubwa wako na wake ukoje? Umesema morali 100 kwaiyo hamjapishana sana, ila kumbuka siku ukikua. Kwenye world zenye morali ya pointi ukimzidi mtu pointi mara kumi unapigana kwa asilimia 60 tu. Wakubwa wengi wanakufa hapo, wanaona mtoto mdogo wanatuma nusu ya jeshi, 24,000 inakuwa 14,400 mlangoni, halafu waje huku kulia simuleta imewadanganya. Sehemu ya kujaza morali ipo pale pale kwenye simuleta, wengi wanaiacha na 100.

chalii_ngarenaro

@dada_pasua shikamoo dada angu. Nimebaki na shoka 220, nilikuwa nimewaacha kulinda kijiji. Pointi tunalingana tu.

Nimetuma wapelelezi sasa hivi, nipo kazini najificha chooni, wakirudi naweka hapa.

dada_pasua

Marahaba. Wapelelezi dakika 9 kwa chumba, saa moja na dakika 48 kwenda na hivyo hivyo kurudi. Picha utakayopata itakuwa na umri wa karibu masaa mawili tayari, ongeza masaa matatu na nusu ya shoka kutembea. Kwaiyo usipigie hesabu alichonacho kwenye picha, pigia alichonacho plus anachoweza kutengeneza kwa masaa matano na nusu. Mimi huwa naongeza thelathini ya mikuki kwa mtu wa saizi hiyo, kwa macho tu, ukiwa umemfuatilia utamjua kama ni mtu wa kujaza kambi usiku au wa kulala.

Jana hukukosea hesabu, ulikosea umri wa hesabu.

fundi_kijenge

Mimi niulize swali la kijinga. Kwanini asitume farasi? Farasi wepesi wana 130 kila mmoja.

mangi_wa_shoka

Sio la kijinga. Hana farasi kwanza. Ila hata angekuwa nao, angalia jirani ana nini. Mkuki mbele ya shoka ni 15, mbele ya farasi ni 45. Mikuki mia inageuka kutoka 1,500 inakuwa 4,500 kwasababu tu umebadilisha unayemtuma. Yule jamaa wingi wake ni mikuki kwaiyo shoka ndo dawa yake. Angekuwa amejaza panga tupu hapo farasi ningekubali. Ndo maana kwenye ripoti ya wapelelezi mimi siangalii jumla, naangalia mchanganyiko.

chalii_ngarenaro

Wamerudi. Mikuki 131, panga 46, ukuta levo 4. Dada umepiga humo humo aisee, mikuki kaongeza kidogo, panga hajagusa, na magogo yangu yalikula levo moja kumbe hayakufa bure.

Hesabu yangu mwenyewe leo sijatumia simuleta kwanza: 131 mara 15 ni 1,965, 46 mara 50 ni 2,300, jumla 4,265, ukuta levo 4 nimeongeza kama asilimia 16, 4,930 hivi. Nimeongeza mikuki 30 ya dada, inafika kama 5,450. Mimi 220 mara 40 ni 8,800. Kwa hasi 25 ni 6,600, bado nashinda ila nabaki na watu wachache kweli. Kwa bahati sifuri napoteza mia na kitu. Simuleta imesema hivyo hivyo.

Saa ya gemu sasa hivi ni 10:20, wakitoka sasa wanafika 13:56, jua linawaka. Natuma. Sili kitu chochote kabla ya kubonyeza.

hesabu_na_kahawa

Na kijiji chako nani analinda?

chalii_ngarenaro

Mungu.

chalii_ngarenaro

Wakuu nimerudi. NIMESHINDA. Bahati chanya 3, wamekufa shoka 93, waliobaki 127 wanarudi nyumbani, jirani hana mtu hata mmoja. Hakuongeza hata mkuki, nadhani alikuwa kazini kama mimi. Asanteni sana, mangi na dada mkija Chuga nyama ya Kwa Mrombo juu yangu.

dada_pasua

Hongera mdogo wangu. Umebeba nini?

chalii_ngarenaro

Jumla 1,270. Mbao, udongo na chuma.

dada_pasua

Ghala lake lilikuwa tupu?

chalii_ngarenaro

Hapana lilikuwa limejaa, ila shoka mmoja anabeba 10 tu.

dada_pasua

Ndo nilikuwa nakusubiri hapo. Shoka mmoja unamtengeneza kwa mbao 60, udongo 30, chuma 40, ni 130. Waliokufa leo 93 ni zaidi ya 12,000. Wa jana 600 ni 78,000. Umetumia 90,000 kubeba 1,270 na simuleta mara zote mbili ilikuwa inakuandikia umeshinda.

Sikuvunji moyo, kijiji sasa hakina ulinzi na ukuta utaushusha, hiyo ina thamani yake. Ila kuanzia leo chuma chote peleka kwenye zizi, tengeneza farasi wepesi hata ishirini, wanabeba 80 kila mmoja, wanatembea dakika 10 kwa chumba, uwe unakwenda na kurudi pale kila baada ya masaa manne kabla hajajipanga. Ukimpa siku mbili za kupumua anajaza panga unaanza upya.

fundi_kijenge

Afu jamani mmesema jirani hana mtu hata mmoja na yuko vyumba 12 kutoka Ngarenaro? Mimi niko kwenye world hiyo hiyo, nina farasi 60 wamekaa tu. Chalii nitumie kodineti zake za kwenye ramani inbox.

chalii_ngarenaro

@fundi_kijenge we si ulisema ni kubahatisha 😂 hupati.